Kabla Hujamshika Mwizi wa Mayai

Hotuba kwa wafugaji wa kuku wa uani, Morogoro

Mwenyekiti wa kikundi chetu, bwana afisa mifugo, mama zangu, wadogo zangu, na ninyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma kama mlivyokuwa mkifanya darasani kwangu: hamjambo?

Kitendawili!

(Tega!)

Nyumba yangu haina mlango.

Nimesikia. Yai. Hicho cha watoto, nilitaka tu mchangamke. Sasa kuna hiki nilichokitunga mwenyewe, na kilininyima usingizi mwezi mzima. Mitetea wangu tisa, asubuhi wote wanatetea, jioni naokota mayai matatu.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Tanga? Ahsanteni, Tanga naipenda, nitakula samaki mpaka nichoke. Haya, jibu langu la kwanza lilikuwa mjukuu wangu.

Alikuwa na miaka 11, na wiki zile alikuwa anarudi kutoka shule na mafuta ya sambusa vidoleni. Mimi sikumpa hela ya sambusa. Mama yake hakumpa. Mwalimu wa hesabu miaka 32, nikajumlisha: mayai hayapo, sambusa zipo. Nikamwita siku ya Jumapili, mbele ya wageni, nikamwambia arudishe mayai ya bibi. Mtoto akalia, akasema hajui kitu. Nikamjibu kikulacho ki nguoni mwako. Mnajua methali ikisemwa na mtu mzima kwa sauti ile inakuwa hukumu, haina rufaa.

Naanza na aibu yangu kwa sababu humu ndani yupo mwenye kesi na dada wa kazi, yupo mwenye kesi na jirani, na yupo mmoja, simtaji, aliyeambiwa kwamba yai lisilo na ganda ni la kutumwa. Mwenyekiti aliponiomba nizungumze, nilimwambia mambo ya mtaji na soko amtafute mwingine. Mimi nitawaeleza niliyoyaona nikiwa nimekaa juu ya kigoda.

Kukaa kwenyewe kulikuja kwa bahati. Niliteguka kifundo cha mguu nikawa wa kibarazani tu, tangu saa 1 asubuhi. Siku ya kwanza yule mweusi mwenye kishungi akatoka bandani akipiga kelele kama amefumania. Nikanyanyuka na mguu wangu, nikachungulia viota vyote. Hakuna kitu. Nimerudi kukaa, mwekundu naye akaanza, yuko katikati ya uwanja, wala hajasogelea kiota tangu kulipopambazuka. Anaitikia tu. Halafu wa tatu. Ndani ya dakika mbili ua zima lilikuwa linatetea, na hakuna yai hata moja.

Lugha yetu imempa kuku kazi mbili kwa neno moja. Anatetea, na wakili naye anatetea, na wote wawili wingi wa maneno si ushahidi. Kuku hutetea akishataga, ni kweli. Lakini hutetea pia anapotafuta pa kutagia, hutetea akiona kivuli cha mwewe, na hutetea kwa sababu mwenzake ametetea. Mimi nilikuwa nahesabu sauti, nikitegemea zilingane na mayai.

Siku ya tatu nikaamua kumtazama mweusi peke yake. Alikula pumba kidogo, akaondoka kimya. Akachakura hapa, akasimama na mguu mmoja juu, akageuza shingo kuona kama kuna anayemwona, akaenda hatua tatu, akachakura tena mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuchakura. Nimesahihisha mitihani miaka mingi, namjua mtu anayejifanya hana nia. Akazunguka migomba, akapita nyuma ya kuni, akaingia ndani ya tairi bovu la lori. Nilisubiri atoke. Ndani ya lile tairi mlikuwa na mayai 17.

Wazee walikuwa na kitendawili, kuku wangu katagia miibani. Jibu ni nanasi, lakini aliyekitunga alishawahi kuchanwa mikono na miiba akitafuta mayai, nina hakika. Kuku anataka giza, anataka kitu juu ya kichwa chake, na anataka akute yai pale anapotagia, maana penye yai ni dalili kwamba mwenzake alipaona salama. Viota vyangu mimi nilikuwa nimevipanga mlangoni, penye mwanga, ili nivione vizuri. Nilijijengea mimi. Isitoshe nilikuwa nasomba mayai yote kila jioni, sibakizi hata moja, na kwenye majani makavu mlikuwa na utitiri. Ningekuwa kuku ningehamia kwenye tairi pia. Sasa kila kiota nimekiwekea gunia mbele kama pazia, na ndani nabakiza yai moja lenye alama ya penseli, au jiwe jeupe la mtoni lililo laini.

Yale 17 niliyatia kwenye beseni la maji. Lililolala chini ni la juzi juzi. Lililosimama wima limekaa siku, pika leo. Linaloelea, mwombee heri na ulizike mbali. Ganda lina vitundu maelfu ambavyo jicho halivioni. Maji yanatoka kidogo kidogo, hewa inaingia, na ule mfuko wa hewa kwenye upande butu unakua. Ndiyo maana pia siyasugui mayai kwa maji kabla ya kuyahifadhi. Kuku anapolitoa analipaka utando wa kuziba vile vitundu, na wewe ukiliosha umeuondoa.

Basi nikafurahi kwamba mwizi nimempata. Nikaweka daftari. Na hesabu bado ikakataa.

Hapa ndipo nilipojifunza kuwa nilikuwa nadai mayai ambayo hayakuwahi kuwepo. Kuku mmoja hawezi kutoa yai kila siku ya Mungu, hata umpe karanga. Yai moja linamchukua saa 24 hadi 26 kulitengeneza. Kwa hiyo leo ametaga saa 2 asubuhi, kesho atataga saa 3, keshokutwa saa 4 na nusu, anasogea anasogea mpaka saa zinaangukia jioni, na kuku jioni hashushi kiini kipya. Anaruka siku, halafu anaanza tena alfajiri. Na hawa wetu wa kienyeji wakishataga 12 au 15, hamu inahama. Anaanza kuvimba, anaguna ukimsogelea, anataka kulalia. Anayenyonyoka manyoya naye amefunga duka, protini yote inaenda kwenye manyoya mapya.

Ukitaka kujua nani yuko kazini, mshike jioni akiwa ametulia juu ya fito. Chini ya mkia kuna mifupa miwili midogo ya nyonga, papasa. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati, huyo anataga. Kikipita kimoja kwa taabu, huyo anakula bure kwa sasa. Nilipowapapasa wale tisa, watatu walikuwa kidole kimoja. Watatu! Nimemwita mtoto mwizi kwa mayai ya kuku waliokuwa likizo.

Na bado, nasema ukweli, palikuwa na upungufu. Mayai mawili, wakati mwingine moja, kwa siku. Mwisho wa wiki ile nikamwona. Mweupe, mpole kuliko wote, yule ambaye wajukuu humbeba. Mwenzake ametoka kiotani, yeye akaingia, akaliangalia yai kwa jicho moja, akaliangalia kwa jicho la pili, akalipiga mdomo mara mbili. Alipomaliza hakubakiza hata ganda. Majani yalikuwa na unyevu na mdomo wake ulikuwa na njano iliyoanza kukauka. Kuku havunji yai lake, tunasema. Pengine la kwake hakulivunja, alianzia la mwenzake.

Nikashauriwa dawa ambayo nadhani nusu yenu mnaijua: toboa yai, mimina ute na kiini, jaza pilipili, liweke kiotani. Nilisaga pilipili kichaa nikapiga chafya mpaka machozi. Mweupe alilila lote, akapangusa mdomo kwenye majani kulia na kushoto, akaangalia kama kuna lingine. Nilikuja kuuliza, nikaambiwa ndege hawausikii ukali wa pilipili hata kidogo. Ndiyo maana pilipili inajiotea kila mahali vichakani, ndege wanakula, wanaenda kudondosha mbegu. Kwa hiyo wale waliokuwa wanaipeleka pilipili bandani, irudisheni jikoni.

Kilichomponya ni kuokota mayai mara tatu kwa siku, kiota chenye giza na majani mengi, na ganda gumu. Maana ulaji huu huanzia ajalini: yai lenye ganda jembamba linapasuka likikanyagwa, kuku anaonja, anagundua. Likiwa gumu anadonoa mpaka anachoka.

Na ganda ndilo nililotaka tulizungumze zaidi, kwa hiyo nipeni muda hapa.

Kuku ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Kiini kikiiva kinachomoka kama embe, kinaingia kwenye mrija. Saa kama tatu kinavikwa ute. Saa nyingine moja na kitu kinavikwa zile tando mbili ambazo mkimenya yai la kuchemsha zinawasumbua. Halafu kinafika mahali pa kutengenezewa ganda na kukaa saa zipatazo 20. Ishirini! Kazi yote iliyobaki ni robo, ganda peke yake ni robo tatu na zaidi. Na sehemu kubwa ya saa hizo ni usiku, wewe umelala, naye amekaa juu ya fito gizani hana anachokula. Ganda moja linataka gramu 2 hivi za kalsiamu. Anaitoa wapi usiku wa manane? Anatoa kilichobaki kwenye gole na firigisi, na kisipotosha anatoa kwenye mifupa yake.

Mimi nilikuwa nawapa chokaa ya mifugo asubuhi, unga mwororo, umechanganywa na pumba. Mpaka saa 10 jioni ulishapita tumboni. Siku hizi naponda makombe ya baharini, vipande kama punje za mchele, naweka kwenye kopo pembeni kuanzia saa 10. Kila mmoja anachukua anachohitaji, na anayetaga utamwona, anakwenda penye kopo kabla hajapanda kulala. Vipande vinakaa kwenye firigisi vikiyeyuka taratibu usiku kucha. Wasio na makombe, maganda ya mayai yale yale, yaanike, yakaange mpaka yakauke, yaponde yasitambulike.

Sasa lile yai laini kama puto la maji, unalikuta asubuhi chini ya fito, si la kutumwa na mtu. Limetoka kabla halijavikwa. Mtetea mchanga anayeanza hufanya hivyo mara moja mbili, mitambo haijashikana. Kuku aliyeshtushwa na mbwa usiku pia. Na joto! Mnaona wanavyohema mwezi wa Januari, mdomo wazi, mabawa mbali na mwili? Kuhema kule kunapunguza hewa ya kaboni kwenye damu, na ganda linahitaji hiyo hewa lijengeke, kwa hiyo linatoka jembamba hata kama umemjaza makombe. Kivuli na maji ya baridi saa 7 mchana ni chakula cha ganda. Lakini kama kundi zima linataga mayai laini au yaliyopinda, na wengine wanakoroma au wamepinda shingo, hapo usikae kwenye kigoda. Bwana afisa yuko mbele yenu, na chanjo ya mdondo ya tone la jicho ni kila baada ya miezi 3, si mpaka wa jirani waanze kufa.

Mengine ni maajabu tu. Viini viwili ni kwamba vimechomoka viwili kwa mpigo; wanaoanza kutaga hufanya hivyo sana. Yai dogo kama la njiwa halina kiini, mrija umevika kipande cha nyama ukidhani ni kiini. Wazungu walikuwa wanadhani hilo hutagwa na jogoo, na mwaka 1474 mjini Basel, Uswisi, jogoo alishtakiwa kwa kosa la kutaga, akahukumiwa, akachomwa moto pamoja na yai lenyewe, wakiogopa litaangua joka. Kwa hiyo mkinicheka mimi na mjukuu wangu, mkumbuke na wale walikuwa na hakimu.

Tone la damu ndani ya yai si kifaranga kilichoanza. Ni mshipa mdogo uliokatika kiini kilipochomoka, na unaonekana hata kwa kuku ambaye hajawahi kuona jogoo. Jogoo hahitajiki ili kuku atage, anahitajika ili yai liangue. Akipita mara moja, mbegu zake huhifadhiwa ndani ya kuku wiki mbili hivi, ndiyo maana umemuuza jogoo mwisho wa mwezi na vifaranga bado wanafanana naye.

Wezi wa kweli wapo, siwakatai, ila kila mmoja ana mwandiko wake. Kenge hameguimegui, anameza zima na kuondoka, na anakuja mchana kweupe. Nguchiro analishika yai, analigeuzia mgongo jiwe, analirusha nyuma katikati ya miguu, kwa hiyo tafuta vipande karibu na jiwe au ukuta. Ukikuta ganda limebonyea na kujikunja kama karatasi iliyotafunwa, huyo ni nyoka mla mayai. Analimeza, analipasua shingoni kwa mifupa ya uti wa mgongo, anakunywa, anatema ganda. Hana sumu, mwacheni aende. Waliokaa Dar es Salaam na Zanzibar wanamjua kunguru yule wa shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19. Yeye hajifichi wala haoni haya.

Wameniandikia hapa kikaratasi: kwa nini kuku mpya niliyemnunua Jumamosi hatagi na amejificha chini ya meza? Ndugu yangu, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Pale kwako kuna serikali. Kuna wa kwanza anayemdonoa kila mtu, kuna wa pili anayedonoa wote ila wa kwanza, mpaka wa mwisho ambaye hana wa kumdonoa. Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, tangu akiwa mtoto alikuwa na daftari la nani anamdonoa nani bandani kwao, na mwaka 1922 akalichapisha jambo hilo kwa wanasayansi, likawa elimu. Wewe umemtupa mgeni mchana katikati ya baraza la mawaziri. Mweke nyuma ya wavu wiki nzima waonane bila kugusana, halafu mwingize usiku wakiwa wamelala, tena bora waingie wawili kuliko mmoja. Ongeza chombo cha pili cha chakula, mbali na cha kwanza. Atadonolewa, lakini hatafukuzwa.

Na huyu mama anauliza kuku jike aliyeanza kuwika. Bibi yangu angemchinja jioni ile ile, na nyama asingeila. Nimeshasema ovari ni ya kushoto tu. Ikiugua au ikaharibika, ile ya kulia iliyolala tangu utotoni inaweza kuamka, nayo ikiamka inaelekea upande wa dume. Kilemba kinakua, anaota manyoya ya jogoo, anawika, mayai yanakoma. Ni mgonjwa wa zamani, hakuleta habari ya msiba. Kumchinja mchinje ukipenda, ila kula.

Naona mwenyekiti anaangalia saa.

Mtataka kujua habari za sambusa. Nilimwuliza baada ya kukuta yale mayai 17, nikiwa nimekaa naye kwenye kibaraza, na sikuanza na swali, nilianza na kuomba radhi, jambo ambalo kwa mjukuu ni gumu kuliko mnavyofikiri. Alikuwa anamchotea maji mama mmoja wa sambusa karibu na shule, ndoo mbili akitoka darasani, analipwa sambusa mbili. Hakusema siku ile kwa sababu nilishamkataza kuzurura akitoka shule, na kati ya kuitwa mwizi na kuitwa mzururaji alishindwa kuchagua.

Sasa ana miaka 13 na daftari la kuku ni lake. Namlipa mayai 10 kwa mwezi, anauza mwenyewe, sijui anapeleka wapi hela na siulizi. Asubuhi hii nilipokuwa natafuta miwani ya kuja nayo hapa, nimekuta ameubana ukurasa chini ya kikombe changu cha chai. Ameandika: "Mwekundu ametetea saa 1 na dakika 20. Kiotani hamna. Nimeangalia tairi, hamna. Naangalia tena nikirudi."